Mchuzi Nilioupika kwa Pua

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu, na kila nikiikumbuka napandwa na hasira. Kwa umri huu sipendi kukasirika kabla sijanywa chai. Lakini nitakusimulia, maana nimechoka kuwasikia watu wakisema kwamba mambo ya zamani yote yalikuwa mazuri. Si yote. Mimi nilikuwepo.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimeolewa Buganguzi, kwenye kibanja kikubwa cha migomba na kahawa. Mume wangu aliitwa Mutalemwa. Baba yake tulimwita Tata, kama ilivyo desturi yetu Wahaya, naye alikuwa mzee wa kanisa, mwenye sauti nzito na tumbo lililopenda vitu vizuri. Kaka mkubwa wa mume wangu, Kaijage, naye aliishi hapohapo na mkewe, Kemilembe. Basi jikoni tulikuwa wawili, mimi na Kemilembe, tukichangia mafiga matatu na moshi mmoja.

Sasa, mimi nilikuwa na jambo moja la kujivunia. Nilijua kupika mchuzi wa kambare kuliko mwanamke yeyote kule. Kabla ya kuolewa nilikaa na shangazi yangu Buhembe, na kila asubuhi nilishuka Bukoba mjini kufanya kazi za nyumbani kwa Bibi Zarina, mke wa Mhindi mwenye duka la nguo. Yeye ndiye aliyenifundisha viungo. Kitunguu saumu na tangawizi unavitwanga pamoja. Mbegu za giligilani unazikaanga kavu kwanza, ndipo unasaga. Bizari nyembamba unaitia kwenye samli iliyopata moto, na ukisikia imeanza kutatarika, hapohapo unaweka vitunguu, usisubiri. Manjano kidogo, maana ikizidi mchuzi unakuwa mchungu.

Mambo hayo niliyachukua nikayaunganisha na ya kwetu. Kambare nilimsugua kwa majivu na ndimu mpaka utelezi wote utoke. Nilimkata vipande vinene, nikavitia chumvi, nikavipitisha kwenye moshi vikauke ngozi. Nyanya chungu nilizipasua katikati. Na vipande vikishaingia chunguni, mwiko hauingii tena. Kambare ukimkoroga anavunjika. Unashika chungu kwa majani makavu ya mgomba, unakitikisa taratibu, unakifunika, unaacha moto ufanye kazi yake. Ukiuweka mchuzi ule kando ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, zilizoiva vizuri, mtu aliyepita barabarani anageuka.

Lakini mimi niliyeupika nilikuwa sijawahi kuuonja.

Usishangae. Kwetu wakati ule kulikuwa na vyakula ambavyo mwanamke hakuruhusiwa kula. Senene tulikamata sisi, tukanyonyoa mabawa sisi, wakala wao. Kuku hivyo hivyo, na mayai. Na nyumbani kwa Tata samaki wote walikuwa wa wanaume. Tuliambiwa mwanamke akila kambare atazaa mtoto atakayetokwa na mate maisha yake yote. Basi nilijifunza kupika kwa pua. Nilinusa, nikajua. Na chumvi ikitakiwa kuonjwa, aliitwa Ta Rwiza, mdogo wake Tata, aje jikoni. Alikuja akiburuta miguu, akachota kwa kijiko chake mwenyewe, akafumba macho, akasema, "Imekubali," akaondoka. Mwanaume mzima kazi yake kuonja! Na mimi nilisimama pale nikingoja neno lake kama mwanafunzi anayengoja majibu ya mtihani.

Kemilembe alikuwa amepoteza mimba mbili. Mwaka huo alikuwa na ya tatu, imefika miezi mitano, na alikuwa amekwisha. Viganja vyake vilikuwa vyeupe, midomo myeupe, akiinua mtungi wa maji anakaa chini kwanza. Akaenda zahanati ya misheni. Muuguzi akamfunua jicho, akamwambia damu imepungua sana, ale samaki, ale mayai, ale nyama kila anapoweza, la sivyo na hii itatoka.

Aliniambia hayo siku ya Jumamosi, asubuhi, nikiwa nimeinamia chungu. Alisema kwa sauti ya chini.

"Kokugonza, naomba kipande kimoja. Hata cha mkiani."

"Nitaulizwa," nikamjibu.

"Sema kilivunjika."

"Kambare wangu havunjiki," nikasema. Na mwanangu, nilisema kwa majivuno. Mtu anaombea uhai wa mtoto wake, mimi natetea sifa ya mchuzi wangu.

Nikatoka kwenda kukata jani la mgomba la kufunikia. Niliporudi Kemilembe alikuwa amesimama karibu na mlango, ameufumba mdomo, na koo lake linashuka na kupanda. Nikafunika chungu kwa jani.

Chakula kilipowekwa, Tata akatazama ndani ya bakuli. Alikuwa amemnunua kambare yule mwenyewe kwa mchuuzi wa baiskeli, akasimama kuangalia akikatwa. Akauliza, "Kipande cha tumboni kiko wapi?"

Ta Rwiza akasema yeye alionja mchuzi tu. Tata akanigeukia mimi.

"Kokugonza, wewe ndiye mpishi. Nani amekula?"

Ningeweza kusema mimi. Ningeweza kusema paka. Ningeweza hata kunyamaza nikalia, maana nilikuwa kijana, machozi yangeeleweka. Badala yake niliinua kidole hiki unachokiona hapa, nikamwonyesha Kemilembe.

Tata hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mwanamke mwizi wa chungu, mvunja mwiko, anayetaka kuzaa balaa katika nyumba yake, arudi kwao siku ileile. Kaijage, mumewe, alikuwa ameketi pale. Alitazama chini, akaendelea kumenya ndizi iliyokwisha kuiva. Kisha Tata akanitazama mimi akasema, "Huyu ndiye mwanamke wa nyumba." Na nilifurahi! Nakuambia ukweli wote. Nilifurahi.

Kemilembe alifunga nguo zake katika mkeka, akajitwika. Kwao kulikuwa upande wa Muleba, mwendo mrefu wa miguu, na mvua ilikuwa imeanza. Nilisimama mlangoni pa jikoni nikamwona akiteremka kibanjani kwa hatua fupifupi, mkono mmoja tumboni. Kisha nikarudi ndani kupangusa chungu.

Baada ya majuma matatu nilipata ruhusa kwenda kumsalimia shangazi Buhembe. Nilipanda lori la kahawa mpaka mjini, njia nzima nikipanga namna ya kumsimulia jinsi ninavyoheshimiwa ukweni. Shangazi alikuwa mjane, amefiwa baada ya mimi kuolewa, mwanamke mwembamba aliyelima vitunguu na kuviuza mwenyewe mjini, na hakuwa mtu wa kukatiza maneno ya mwenzake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimweleza yote, na sehemu ya kidole niliieleza kama ushujaa.

Akainuka. Akaenda jikoni, akarudi na bakuli. Ndani kulikuwa na samaki. Akaketi mbele yangu, akala. Alikula taratibu, akitoa miiba na kuipanga ukingoni mwa bakuli, na mimi nimetoa macho.

"Shangazi! Unakula samaki?"

"Tangu alipokufa mume wangu. Unaona mate yananitoka?" Akajifuta mdomo kwa kiganja. Kisha akanitolea maneno ambayo mpaka leo yananiwasha masikioni.

"Mtu mwenye mimba alikuomba chakula, na mwiko ulikuwa mkononi mwako. Si mkononi mwa mkweo. Mkononi mwako. Ukamnyima. Sawa, uliogopa, mwoga namwelewa. Lakini ulipoulizwa ukamtoa mwenzako ili wewe usifiwe. Nani aliyekufundisha hivyo? Si mimi! Huyo mkweo ni mzee wa kanisa, sivyo? Kamuulize, wale watu waliolishwa mikate na samaki kule nyikani, wanawake waliambiwa wanywe mchuzi? Nani alikuwa ameshiba alipotunga mwiko huo, Kokugonza? Hukujiuliza hata mara moja? Unapika chakula usichokijua ladha, unasubiri mzee mvivu akuambie chumvi imekubali, halafu unakuja hapa kujigamba mbele yangu!"

Alinisukumia bakuli. "Kula."

Sikuweza. Si kwa ajili ya mwiko. Kila nikilitazama bakuli nilimwona Kemilembe akiteremka kibanjani.

"Basi rudi kwako," akasema. "Na usije tena hapa mpaka umemwona msichana yule kwa macho yako."

Niliporudi Buganguzi nilikuta Tata anatayarisha ugeni. Mkungu wa pale kwetu, yaani kiongozi wa kijiji aliyekuwa chini ya mtemi, alikuwa anakuja na wenzake wawili, na kambare wawili wakubwa walikuwa wameshanunuliwa. Nilitwanga viungo kwa nguvu mpaka kinu kikahama mahali pake. Nilipika kama kawaida. Ta Rwiza akaja na kijiko chake.

"Ta Rwiza, leo pumzika," nikamwambia.

"Nani ataonja?"

"Mimi."

Akacheka, akidhani ni mzaha. Nikachota mchuzi kwenye kiganja, nikaulamba mbele yake. Na unajua niligundua nini? Ndimu ilikuwa imezidi! Miaka mitatu watu wananisifu, nami nimekuwa nikizidisha ndimu kwa sababu pua haijui uchachu, na Ta Rwiza, bingwa wa kuonja, hajawahi kusema. Nilikasirika upya.

Nilibeba chungu mpaka sebuleni, nikakiweka juu ya jani mbele ya wageni. Kisha badala ya kurudi jikoni nikapiga magoti palepale, nikachukua kipande cha tumboni, nikala. Wanaume watano wakanitazama nikitafuna.

"Toa mkono wako!" Tata akanguruma. "Umepatwa na nini?"

"Tata, nimekipika, nakila. Na kipande alichokula Kemilembe kilikuwa halali yake. Aliagizwa na muuguzi. Yule mtoto aliye tumboni ni mjukuu wako, nawe umemfukuza kwenye mvua kwa ajili ya kipande cha samaki. Na mimi nilikusaidia."

Mume wangu alikuwa amekaa karibu na mlango. Akasema, "Kokugonza, omba radhi."

"Kwa kosa gani?"

"Omba tu, waitu, tafadhali."

Omba tu! Hakutakiwa kuchagua kati ya mbingu na dunia. Angeweza kusema neno moja la haki, akashindwa. Mwanangu, makali ya Tata niliyatarajia. Kilichonichoma ni ile sauti ya mume wangu, laini, ya kubembeleza, inayotaka kila mtu atulie isipokuwa yule aliyeumizwa.

Tata akaniambia nimfuate mwizi mwenzangu. Nikatoka. Na nikiwa bado uani nafunga viungo vyangu katika kitambaa, nikamsikia mkungu akisema, "Mzee, tule basi, chakula kinapoa." Wakala. Walinifukuza, kisha wakaumaliza mchuzi wangu wote mpaka chini.

Nililala kwa dada mmoja wa kanisani, na asubuhi nikaenda kwa miguu mpaka sokoni Muleba. Nilinunua kambare, nikauliza njia, nikafika kwa wazazi wa Kemilembe jua likiwa juu. Mama yake alikuwa anaanika kahawa. Aliponitambua hakunikaribisha.

"Umekuja kumsema kwa nani tena?"

Nikamwonyesha samaki. "Nimekuja kupika, Mama."

Kemilembe alikuwa ameketi kwenye mkeka kivulini, miguu imevimba, uso umekuwa mdogo. Mimba ilikuwa bado ipo. Akanyoosha mkono, akachukua kisu kilichokuwa kando yake, akanisogezea.

"Vitunguu viko ndani," akasema.

Nikapika. Nilionja mwenyewe, nikapunguza ndimu. Tulikula sote wanne, baba yake naye, mzee mpole aliyesema kwamba kama samaki atamwokoa binti yake basi mwiko utamwia radhi. Kemilembe alikula vipande vitatu. Akalamba kidole, akasema bila kutabasamu, "Kile nilichoiba kilikuwa na ndimu nyingi."

Nilikaa pale zaidi ya miezi minne. Kila siku ya soko nilikwenda kutafuta samaki, na kama hawakupatikana nilitafuta mayai. Viganja vyake vilirudi rangi pole pole. Mtoto alizaliwa zahanati, msichana, mdogo lakini mwenye sauti ya kudai haki yake. Hakutokwa na mate kuliko mtoto mwingine yeyote.

Mtoto alipofikisha mwezi, nani akaja? Ta Rwiza, na kijiko chake nadhani kilikuwa mfukoni. Akapewa kahawa ya kutafuna, akatafuna, akasema, "Tata anasema mrudi. Samaki wanaopikwa kule siku hizi hawaliki."

Nilidhani nitampiga na mwiko. Kemilembe akaniwahi. Alikuwa ananyonyesha, sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Ta Rwiza, umeketi hapa tangu asubuhi. Mtoto yuko mbele yako. Hujauliza jina lake. Kamwambie Tata hivyo kwanza. Kisha mwambie tutarudi tukila tunachokipika. La sivyo apike mwenyewe."

Baada ya juma moja walikuja Kaijage na Mutalemwa, wameinamisha vichwa. Kaijage aliuliza jina la mtoto, akalia. Walileta neno la baba yao: tule, lakini jikoni, asituone. Tukarudi. Siku ya kwanza tulipika, tukabeba chungu mpaka sebuleni, tukaketi kwenye mkeka mmoja na wote. Tata akageuza uso ukutani, akala hivyo. Siku ya pili hivyo hivyo. Alikula akiutazama ukuta kwa miezi, mpaka akazoea. Lakini neno "nilikosea" hakulisema mpaka tulipomzika. Na wanaume wa nyumba ile hawakuona aibu yoyote. Walisema tu kwamba zama zimebadilika. Zama hazikubadilika zenyewe! Mwanamke mgonjwa alitembea kwenye mvua ndipo zikabadilika.

Na mimi? Nilichelewa kumwomba Kemilembe msamaha kwa maneno. Nilidhani samaki wangu walikuwa wamesema. Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea nilipopata ujasiri, tukiwa tunapalilia migomba. Alisimamisha jembe, akasema, "Mvua ilikuwa kubwa siku ile, Kokugonza. Ulikuwa mlangoni. Hata jani la kujifunika hukunipa." Kisha akaendelea kulima. Tuliishi vizuri mpaka uzeeni, alinizikia watoto wawili nami nikamzikia mume. Lakini hakuniambia amenisamehe, wala sikumwomba mara ya pili.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sitaizungusha. Mtu dhaifu akikuomba kitu kilicho mikononi mwako, usimwambie "nitaulizwa." Ulizwa! Na ukiulizwa, kidole chako kisimwelekee aliye chini yako. Ogopa sana sifa unayopewa na mkubwa wakati mwenzako anafunga mkeka wake. Ukiambiwa jambo ni mwiko, tazama nani anashiba kwa mwiko huo na nani anakufa. Na wewe mwanaume unayenisikia, usijisifu kwamba hukumfukuza mtu ikiwa uliketi ukimenya ndizi wakati anafukuzwa. Na ukikosea, kimbia kuomba radhi siku ileile, mvua ikiwa bado inanyesha.

Mungu akupe moyo usiotulia mbele ya dhuluma. Akupe chakula cha kutosha na mikono isiyoogopa kukigawa. Uzae, ulee, na watakaokaa mezani pako wasigeuze nyuso zao ukutani. Nenda kwa amani, mwanangu, nami nakuombea.